Simu ya Marehemu Iko Hewani

"Bibi harusi ameshatoka kwao. Msindikize."

Sauti ya Naseeb ilikwaruza sikioni mwa Anneth, ikakatika, ikarudi.

"Nimemwona," alijibu Anneth. "Ananipita sasa hivi."

Fuso la bluu lilipita likirusha matope, likapandisha kuelekea Isongole. Dereva hakugeuza shingo. Aliitwa Jacob, na Jacob alikuwa mtu wao. Anneth alisubiri mpaka taa za nyuma zikamezwa na ukungu, akashusha kioo cha kofia yake ngumu, akaipiga teke pikipiki yake ya Boxer na kuingia barabarani.

Bibi harusi! Katika maneno yote ya siri duniani, Naseeb alikosa jingine la kutumia leo?

Ilikuwa mchana, lakini ukungu wa Rungwe haujui mchana. Manyunyu yalimpenya shingoni. Ubavuni, chini ya koti la mvua, alikuwa na Glock 19. Kwenye usukani alikuwa amefunga simu yake, Samsung iliyopasuka kona, na ndani ya simu kulikuwa na kitabu cha nyimbo za ibada.

Hicho kitabu ndicho kilikuwa silaha yao kubwa kuliko bastola. Ukibonyeza msalaba wa jaladani na kushikilia kidole, nyimbo ziliondoka, baraza la mazungumzo la Kitengo, idara yao ya upelelezi, likafunguka. Aliyelitengeneza ni Naseeb, mtoto wa Kiislamu ambaye babu yake aliletwa Tukuyu na biashara ya nguo kutoka pwani. Alikuwa anajidai nalo kweli. Nani Rungwe atamshangaa mtu anayeangalia kitabu cha nyimbo?

Mtandao wa milimani hukatika kila kona. Ingekuwa kila ukikatika mtu anaandika nywila upya, maofisa wote wangekuwa wameshaishia korongoni, kidole kikiwa kwenye simu. Kwa hiyo Naseeb aliwawekea tokeni. Unaandika nywila mara moja, seva inakupa tokeni yako, basi. Ni kama kugongwa muhuri mkononi mlangoni mwa ukumbi. Ukitoka kupunga upepo na kurudi, unaonyesha mkono tu, mlinzi anaufuta ule wa zamani, anakugongea mpya, unaingia. Simu hufanya yote hayo yenyewe, kimyakimya.

Mtandao ukakatika. Ukarudi. Simu ikaonyesha mkono wake, ikaingia barazani, majina yakajipanga kwenye kioo.

Naseeb, hewani.

Anneth, hewani.

Jacob, hayupo.

Yona, hewani.

Boxer iliyumba. Anneth aliikamata kwa miguu yote miwili na kusimama pembeni mwa shamba la viazi.

Yona alikuwa amezikwa. Alikuwa Kisiba, nyumbani kwa mama yake, chini ya migomba. Pikipiki yake iliokotwa korongoni, watu wakasema ni ukungu. Anneth alikuwa amekaa msibani kwenye mkeka pamoja na kina mama, akajitambulisha kwa jina la Lightness, mfanyakazi mwenzake marehemu katika duka la pembejeo. Alilia kwa kipimo cha mfanyakazi mwenzake. Hakuna aliyejua kwamba mwanamume yule angemwoa. Kitengo hakiruhusu, na wao walificha vizuri mno.

"Naseeb."

"Nimeona, da Anneth."

"Ulisema utamfuta."

"Nilisema nitamfuta matanga yakianuliwa. Wewe mwenyewe uliniomba, nami sikuwa na moyo wa kumkata mtu wa watu wakati ndugu zake bado wamelala chini. Yameanuliwa leo asubuhi. Nilikuwa naswali adhuhuri kwanza, kisha nimfute."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Kanuni ya Kitengo ilisema ofisa akifa tokeni yake ifutwe kabla mwili haujapoa. Lakini watu wawili waliolelewa vizuri waliona haya kumfungia marehemu mlango kabla ya matanga.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Naseeb hakulijua.

Anneth alikuwa bado anamwandikia.

Kila jioni, tangu mazishi. Alijua hasomi. Kila ujumbe ulibaki na alama moja, maana yake umefika kwenye seva, unamsubiri mwenyewe arudi hewani. Yona, leo mvua haikukatika. Yona, nilikaa msibani kwako kama mgeni. Yona, shati lako la kijani liko kwangu, sijalifua.

Alifungua ukurasa wa Yona. Alama ya pili ilikuwa inajitokeza kwenye ujumbe wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kisha zote zikageuka bluu.

Kuna mtu alikuwa anazisoma.

Na ule wa mwisho, wa jana, ulisema hivi: Yona, Jacob amekubali kuendelea pale ulipoachia. Kesho anaupeleka mzigo Isongole. Naogopa nisije nikampoteza na yeye.

"Mungu wangu," alisema Anneth. "Nimemuua Jacob."

Alimweleza Naseeb kwa maneno machache. Naseeb hakumlaumu.

"Simu iko wapi?" Anneth aliuliza.

"Hapo ndipo pa ajabu. Mnara wa Isongole ndio ulioipokea. Lakini dakika hii hii nyingine imebisha hodi kutoka mnara wa Kisiba, na tokeni ileile ya zamani. Tokeni moja, simu mbili. Kuna mtu ameinakili simu ya Yona. Mashine inaniuliza nikate zote? Ndiyo kanuni."

"Usikate. Nipe dakika."

Alipiga namba ya Yona kwa laini ya kawaida. Iliita mara mbili.

"Shikamoo, mama. Ni Lightness, wa kazini kwa Yona."

"Malahaba, mwanangu! Ugonile, hujambo?" Sauti ya mama Tupokigwe, mama yake Yona, ilikuwa imekauka kwa kilio cha siku nyingi. "Watu wameondoka wote leo. Nimebaki mwenyewe. Nikasema ngoja niwashe simu yake niangalie kitabu chake cha nyimbo. Nilikuwa namwona anabonyeza hapa kwenye msalaba."

"Mama, simu hiyo ulimpa mtu yeyote wakati wa msiba?"

"Nimpe nani? Alikaa nayo Ezloni tu. Si ndiye katibu wa kamati? Ilitakiwa picha ya kuweka msalabani, na kupigia watu walioko humo ndani. Akaondoka nayo jioni, akailudisha asubuhi imejaa chaji. Namba za kufungulia nilimpa mimi. Kijana mwema yule. Alilia kunizidi."

"Asante, mama. Nitakuja kukuona."

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kalibu."

Ezron. Mwenye mdomo wa asali, aliyeshika daftari la rambirambi na kuwaongoza waombolezaji kwenye nyimbo. Jacob alikuwa akipokea amri kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua kwa sura, aliyejiita Mkubwa. Leo, ghalani Isongole, angemwona kwa mara ya kwanza. Na nakala ya simu ya Yona ilikuwa hewani Isongole hukohuko. Kikulacho ki nguoni mwako, nao walikuwa wamekikabidhi simu na chaja.

Hata Ezron alikuwa amefungwa na msiba. Katibu hawezi kutoweka kabla matanga hayajaanuliwa, watu watauliza. Leo ndipo alipopata nafasi ya kuipekua nakala yake, akabonyeza msalaba.

"Mkubwa ana jina sasa," Anneth alimwambia Naseeb. "Ezron wa Kisiba. Jacob yuko wapi?"

"Nyuma ya kilima. Hayuko hewani. Nimemwandikia onyo faraghani, lakini atalipata akishafika kwa Ezron."

"Kikosi?"

"Kiko lami, njia ya Mbeya. Kupanda huko ni nusu saa."

Ndani ya Fuso kulikuwa na maboksi ya sindano za kuzuia damu kwa wanawake waliojifungua. Yalitoka ng'ambo ya mpaka, maji matupu ndani ya vichupa vyenye lebo safi. Isongole yangefunikwa kwa magunia ya viazi na kusambazwa mikoani. Kuna wanawake walikuwa wameshakufa vitandani, muuguzi akiwa amesimama na bomba mkononi haelewi kwa nini damu haisimami. Yona aliufuata mzigo huo mpaka ukamuua. Lakini kwa sasa Anneth alimfikiria Jacob tu, na watoto wake watatu waliozoea kumpokea baba na mkate.

Alitazama kioo. Yona, hewani.

Hakuwahi kumdanganya Yona hata siku moja. Aliandika.

Yona, afadhali hukuyaona haya. Jacob ametugeuka. Amekwenda upande wao, hatuambii neno. Kikosi chote tumekiweka lami na njia ya mashambani hatuna mtu. Wakipita huko, kazi yako yote imepotea. Nisamehe.

Alibonyeza. Alama moja. Mbili. Bluu.

"Amesoma," alisema Naseeb.

"Basi ataipita njia ya mashambani. Nakwenda kumpokea."

"Peke yako?"

"Kwani nimebaki na nani?"

*

Njia ya mashambani ilikuwa ya udongo mwekundu, inateleza kama ndizi iliyoiva. Anneth aliburuta magogo ya mlingoti, yaani mkaratusi, yaliyokuwa yamekatwa kando, akayalaza njiani, akalaza na Boxer juu yake. Akachutama kwenye mtaro. Vazi lote lilikuwa limelowa na hakusikia baridi. Alisikia hasira, na chini ya hasira huzuni nzito inayotaka alale palepale asiamke.

Fuso lilitokea.

Lilikuwa linakuja taratibu, taa zikipapasa ukungu. Jacob kwenye usukani. Pembeni yake Ezron, koti jeusi lilelile la msibani. Breki zikalia. Lori likasimama hatua chache kutoka kwenye magogo.

"Mikono juu!" Anneth alisimama, Glock mbele. "Ezron, shuka."

Mlango ulifunguka, lakini aliyetangulia kushuka ni Jacob, kola ikiwa mkononi mwa Ezron. Wakati Anneth anatafuta nafasi ya kulenga, bastola ya Ezron ilikuwa imeshatulia nyuma ya sikio la dereva, mkono wa kushoto umepita juu ya bega lake umeshika simu. Nyuma ya Jacob lilibaki kuonekana jicho moja na kiwiko.

"Dada wa msibani," alisema Ezron. "Lightness. Au nikuite Anneth? 'Shati lako la kijani liko kwangu, sijalifua.' Umeniliza, dada yangu. Kweli tena."

Anneth alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu.

"Habari ya lami ulisema kweli, namwona hapa mwenzio anavyowapanga askari. Ndiyo maana nimepita huku. Lakini hii ya Jacob kukugeukeni..." Alimsukuma Jacob kwa mdomo wa bastola. "Jana unamwogopea kama mdogo wako, leo msaliti? Mwanamke anayemlilia mtu wake haandiki hivyo."

"Dada," alisema Jacob, midomo mikavu. "Usinijali. Mpige."

"Nyamaza! Weka bastola chini, Anneth. Kila mnachoandika nakiona. Kikosi kikigeuka kuja huku nitaona, na huyu atakuwa wa kwanza."

Ni kweli. Alikuwa anawatazama wote kupitia dirisha la Yona. Kila sekunde chache jicho lake lilidondoka kwenye simu, likarudi.

Sikioni, Naseeb alianza kunong'ona. Sauti yake haikuwa ya kazi.

"Da Anneth, sikiliza tu, usijibu. Ile simu ya Kisiba, ya Yona mwenyewe, imebisha hodi tena. Inasema ina ujumbe mmoja ambao haukutoka. Wa sauti. Alirekodi siku ile kule kwenye ukungu, mtandao haukuwepo, ukabaki unasubiri."

Manyunyu yaligonga kofia yake ngumu.

"Ni wa kwako, dada. Lakini tokeni yake imeshatumiwa na hii nakala. Siwezi kuupokea bila nywila, na nywila alikuwa anaijua yeye tu. Nikikata, simu zote mbili zinajifuta. Ndivyo nilivyozitengeneza. Nipe mpaka jioni, niende Kisiba na mashine yangu, naweza kuutoa. Nakuomba umcheleweshe huyo mtu."

Sauti ya Yona. Anneth alikuwa ameshaanza kuisahau. Hilo ndilo lililokuwa likimtisha usiku kuliko kaburi, kwamba anakumbuka maneno yake na hakumbuki tena yalivyosikika.

Kidole cha Ezron kilikaza kwenye kifyatulio. Jacob alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inataja majina, na Anneth aliyatambua. Yalikuwa ya watoto wake.

"Kata," alisema Anneth.

"Da Anneth..."

"Kata, Naseeb!"

Kioo cha simu mkononi mwa Ezron kiligeuka cheupe. Baraza likatoweka, askari wakatoweka, barua za mapenzi zikatoweka. Yakabaki maneno mawili tu: Ingia upya.

Ezron aliinamisha kichwa kuangalia. Kiwiko kikatoka nje ya bega la Jacob.

Anneth alifyatua.

Bastola ya Ezron ilirukia kwenye matope. Jacob aliipiga teke, akakaa hapohapo chini. Ezron alikuwa chini ameshika mkono wake, anaita mama yake.

Anneth alimsimamia. Mdomo wa Glock ulikuwa unatazama katikati ya macho yale yaliyolia msibani. Hakuna ambaye angeuliza. Ukungu ungesingiziwa tena.

"Ulimsukuma Yona korongoni?" aliuliza.

Ezron alitazama pembeni, na hilo likawa jibu.

Alimfunga pingu. Kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tuseme ukweli.

*

Kikosi kilikuta maboksi yote chini ya turubai. Siku ileile watu wawili wa kuyapokea walikamatwa Mbeya mjini. Wakubwa wa ng'ambo, wenye kiwanda, walitoweka kabla hawajafikiwa. Jacob alimshika Anneth mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda nyumbani kwake.

Jua lilikuwa limejitokeza kidogo Anneth alipofika Kisiba. Mama Tupokigwe alikuwa amekaa kibarazani, uso umeelekea migombani, simu ya Yona mapajani. Alimkumbatia kwa muda mrefu.

"Ezron amekamatwa, mama. Ndiye aliyemuua Yona."

Mama alitazama msalaba wa kaburini, na picha ya mwanawe ambayo Ezron mwenyewe aliichagua na kuibandika.

"Aliyelia kunizidi," alisema. Kisha akamnyooshea simu. "Hii imehalibika, mwanangu. Inaniuliza kitu."

Ingia upya.

"Imejifuta, mama. Samahani. Haitarudi."

"Basi. Maana ilisema kwanza."

Anneth alinyanyua uso.

"Ulipokata simu mchana nikaendelea kubonyeza. Kumbe kulikuwa na sauti yake. Nikaisikia yote, ikaludia, nikaisikia tena, halafu ikazima." Machozi yalimtoka mama, lakini alikuwa anatabasamu. "Alikuwa anaongea na mtu. Anasema, 'Anneth, nimekwama kwenye ukungu, mtandao hakuna. Jumapili usipange kitu. Nakupeleka Kisiba kwa mama. Nimechoka kukuficha.' Halafu akacheka. Ule mcheko wake wa puani."

Ule mcheko wa puani. Anneth aliusikia, safi kabisa, kama yuko hapo.

"Sikujua kama mwanangu ana mtu," mama aliendelea. "Nimewaza mchana kutwa. Kila aliyekuja msibani nilimsalimia, jina hilo sikulisikia. Wewe ulikuwa naye kazini. Huyo Anneth unamjua?"

Jibu alikuwa nalo. Ni mimi, mama. Maneno matatu tu. Lakini wakubwa wa ng'ambo walikuwa bado huru, na mama huyu huongea na kila mpita njia. Jana tu Anneth aliandika jina moja kwa sababu ya majonzi, na leo nusura Jacob azikwe. Jina la Anneth likitoka kwenye baraza hii, la mama ndilo litakalofuata.

"Namjua," alisema.

"Ni mtu mzuli?"

"Alimpenda sana Yona."

"Basi mwambie aje. Hata kama Yona hayupo, aje tu. Nitampikia ndizi. Mwambie hata nisipomjua sula, nitamsubili."

"Nitamwambia, mama."

Alisimama, akajifuta matope magotini, akaaga kwa heshima kama wanavyoaga wafanyakazi wenzake marehemu. Alipita kando ya migomba bila kusimama. Mwendo wake ulikuwa wa mtu ambaye kazi imemwishia salama. Sikioni Naseeb aliuliza, kwa upole, kama alifanikiwa kupata chochote.

"Kazi imekwisha," alijibu. "Futa jina lake."

Alivaa kofia yake ngumu mapema, kabla hajaifikia pikipiki, akashusha kioo.